Kaulimbiu za wagombea kwenye karatasi ya kura: New Jersey, Uingereza au Kenya?

Mkaazi wa Jersey City (mwanzisha mada)

Ndugu wanajamvi, salaam. Kila mwaka kabla ya kura ya mchujo ya mwezi Juni, huletewa kwa posta karatasi ya kura ya mfano, nami huitandaza juu ya meza na kuipitia jina baada ya jina. Karibu na jina la mgombea huwa kuna maneno ya herufi ndogo ambayo nilipokuwa nikipiga kura Kenya sikuwahi kuyaona: kaulimbiu yake mwenyewe, isiyozidi maneno sita. Sheria ya jimbo letu la New Jersey, Marekani, inampa mgombea nafasi hiyo katika mchujo, ila kwa sharti kwamba asitaje mtu yeyote, wala chombo chochote kilichosajiliwa katika jimbo hilo, bila ridhaa ya maandishi ya mwenye jina.

Mwaka 2020 wagombea wawili wa chama cha Democratic waliokuwa wakiwania viti katika Baraza la Wawakilishi la Marekani walikwama hapo. Lisa McCormick alitaka karatasi iseme kwamba Seneta Bernie Sanders aliyasaliti mapinduzi ya New Jersey. Eugene Mazo, ambaye eneo lake liligusa kaunti tatu, ikiwemo hii yetu ya Hudson, alitaka kutumia majina ya kamati za chama za kaunti hizo, yaani majina yale yale ambayo wapigakura wengi huyatafuta ili wajue viongozi wa chama wanamuunga mkono nani. Wote wawili walikataliwa kwa kukosa ridhaa. Wakaenda mahakamani, na mwezi Novemba 2022 Mahakama ya Rufaa iliyoko Philadelphia ikaipa serikali ya jimbo ushindi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo.

Mimi naona uamuzi huo umemkosea mpigakura. Mtu anayesifiwa anaweza kutoa ridhaa, lakini sijui ni mwanasiasa gani atakayetia saini barua ya kuruhusu ashutumiwe. Kwa maandishi sharti ni moja kwa wote, ila kwa vitendo linapitisha sifa na kuzuia lawama. Naomba tulinganishe taratibu za nchi nyingine, kisha kila mmoja aseme angechagua upi.

Wakili Mstaafu

Ndugu, hoja yako ni nzito, lakini tuitendee haki mahakama. Majaji walikubali waziwazi kwamba kaulimbiu ni maneno ya mgombea, si ya serikali, na kwamba yanalindwa na Katiba. Shauri lote lilizunguka swali moja: je, maneno hayo ni sehemu ya kampeni, ambako serikali haigusi kitu bila sababu kubwa mno, au ni sehemu ya uendeshaji wa uchaguzi, ambako mahakama hupima uzito wa mzigo aliotwishwa mgombea dhidi ya manufaa yanayotafutwa? Walichagua kipimo cha pili, wakaona mzigo ni mwepesi, kwa sababu McCormick alikuwa huru kusema hayo hayo kwenye mabango, redioni na mlangoni kwa kila mpigakura, na bado alikuwa na maneno mengine yote ya kujaza nafasi yake.

Mwelekeo huo si mpya. Mwaka 1997, katika kesi iliyotoka Minnesota, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kazi ya msingi ya karatasi ya kura ni kuchagua viongozi, wala si kuwa jukwaa la kujieleza. Mwaka 2002 mgombea wa udiwani wa Santa Monica, California, alishindwa kesi baada ya kunyimwa ruhusa ya kujitambulisha kwenye karatasi kama mwanaharakati wa amani, ingawa ndivyo alivyojulikana mjini.

Serikali nayo ina mipaka yake, na hapa ndipo mimi husimama imara kuliko penginepo. Louisiana ilikuwa na sheria ya kuandika rangi ya mgombea kando ya jina lake, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu iliifuta. Missouri nayo ilitaka kumwekea alama mgombea aliyepuuza agizo la wapigakura kuhusu ukomo wa vipindi vya wabunge wa kitaifa, ikakataliwa mwaka 2001. Serikali inapotia neno lake kando ya jina la mtu, katika sekunde ile ya mwisho kabla kura haijapigwa, inaegemeza mizani ambayo kazi yake ni kuishika tu.

Msomaji wa Leicester

Huku Uingereza tumepita njia nyingine, na tulifundishwa na msiba wa uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa mwaka 1994. Katika eneo la Devon na East Plymouth, Richard Huggett alijiandikisha kama "Literal Democrat". Herufi zake zilifanana mno na za chama cha Liberal Democrat, na akapata kura zaidi ya 10,000, wakati mgombea wa Conservative alimshinda yule wa Liberal Democrat kwa kura 700 tu. Yeyote anayedhani neno moja kwenye karatasi ni jambo dogo na aziangalie namba hizo.

Bunge likatunga sheria ya kusajili vyama mwaka 1998. Siku hizi chama husajili mapema maelezo yake, yasiyozidi maneno sita, na Tume ya Uchaguzi huyakataa yakiwa ya kupotosha au ya kuudhi. Mgombea asiye na chama huandika kwamba ni huru, au huacha wazi.

Hata hivyo, chujio hilo nalo lilivuja. Mwaka 2014 chama cha mrengo mkali wa kulia, Britain First, kiliruhusiwa kutumia maneno ya kuwataka watu wamkumbuke Lee Rigby, askari aliyeuawa mtaani Woolwich mwaka uliotangulia. Maneno hayo yalichapishwa kwenye karatasi za kura za Wales, familia ya marehemu ikaumia, na Tume ikalazimika kuomba radhi baada ya muda wa kurekebisha kupita. Kwa hiyo, ndugu mwanzisha mada, usilibeze sharti la ridhaa. Lingekuwepo huku, jina la marehemu lisingetumika hivyo bila familia yake kuulizwa.

Karani wa Nakuru

Nimewahi kuwa karani wa uchaguzi, na ninapendelea karatasi isiyo na kaulimbiu kabisa. Yetu ina jina, picha na alama, basi. Mgombea huru hujichagulia alama, na IEBC, tume yetu ya uchaguzi hapa Kenya, inaweza kuikataa ikiwa ni chafu, inaudhi, au inafanana na ya chama.

Nakumbuka mama mmoja mzee aliyeishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na dirisha, akapitisha kidole juu ya alama mpaka akafika kwenye aliyoitaka. Hakusoma hata neno moja, na hakuhitaji kusomewa na mtu. Maneno sita yenye mafumbo yangemfanya amtegemee mtu mwingine kujua karatasi inasema nini, na siri ya kura yake ingekuwa imeondoka.

Alama nazo husema, sikatai. Chungwa la kura ya maoni ya katiba ya mwaka 2005 lilikuwa alama ya "Hapana" tu, kisha likaingia katika jina la chama, Orange Democratic Movement (ODM).

Mkaazi wa Jersey City

Bwana Karani, habari ya yule mama imenigusa, na sina jibu jepesi. Lakini kwetu maneno hayo yana kazi ambayo alama haiifanyi. Kwa miaka mingi waliopendekezwa na viongozi wa chama walipangwa katika safu moja, na mpigakura aliiteremka safu hiyo bila kuwaza. Machi 2024 jaji wa shirikisho aliuzuia mpangilio huo katika mchujo wa Democratic. Safu ilipovunjwa, mpinzani alibakiwa na maneno yake sita, na sheria inamwambia asimtaje anayempinga.

Kuhusu Lee Rigby, Msomaji, nakubaliana nawe: marehemu na watu wasio katika siasa walindwe. Pendekezo langu ni kwamba ridhaa itakiwe pale tu ambapo maneno yanadai kuungwa mkono na mtu au chombo. Lawama kwa mtu aliye madarakani ipite.

Wakili Mstaafu

Na nani ataamua kwamba maneno haya ni lawama na yale ni sifa? Ni ofisa wa uchaguzi, mwenye siku chache kabla karatasi hazijaenda kwa mchapishaji. Sheria ya sasa ina kasoro uliyoitaja, ila inamwachia ofisa huyo kazi ndogo: kutazama kama kuna jina, na kama kuna barua. Ukimpa kupima maana, umempa kalamu nyekundu juu ya siasa.

Mkaazi wa Jersey City

Basi aamue jaji, wala si ofisa, na muda wa kuwasilisha kaulimbiu usogezwe mbele wiki kadhaa ili kesi isikilizwe kabla ya uchapishaji. Hilo litagharimu muda na fedha, nami kama mlipakodi wa hapa niko tayari kuchangia gharama hiyo.