Mjadala: Mashabiki wa Slam Dunk wazuiwe kwenye kivuko cha reli Kamakura?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Walioangalia Slam Dunk, ile anime (katuni ya Kijapani) ya mpira wa kikapu ya 1993 hadi 1996, wanaukumbuka mwanzo wake: Sakuragi, mhusika mkuu, kasimama kwenye kivuko cha reli, treni ya kijani inakatiza, bahari nyuma, Haruko, msichana anayempenda, yuko ng'ambo anapunga mkono. Mahali hapo papo kweli. Ni Kamakura, Japani, hatua chache kutoka stesheni ya Kamakura-Koko-Mae kwenye reli ya Enoden. Jina hilo maana yake "mbele ya sekondari ya Kamakura", na shule ipo, wanafunzi wanapita hapo kila siku.

Sasa tangu filamu mpya itoke Desemba 2022, pamefurika. Watu wanasimama katikati ya lami kusubiri treni ije wapige picha, madereva wanapiga honi, mji umelazimika kuweka walinzi wa kuwatoa barabarani. Mimi nasema wapigwe faini. Yule mwanafunzi hakuomba kuingia kwenye picha za watu waliotoka Shanghai na Seoul. Mnaonaje?

Mdau wa Tanga: Barabara ni ya umma, mkuu. Mtu kajibana, kakata tiketi ya ndege, anataka dakika tano tu na utoto wake. Halafu Wajapani wenyewe ndio wanaozipigia debe safari hizi. Wanaziita seichi junrei, yaani kuzuru mahali patakatifu. Kuna chama cha utalii wa anime tangu 2016, kinatangaza kila mwaka orodha ya sehemu 88, hesabu ileile ya mahekalu ya hija ya kisiwa cha Shikoku. Unamkaribisha mgeni sebuleni kisha unamtoza kwa kukaa?

Mleta mada: Anayekaribisha ni chama. Anayepigiwa kelele asubuhi ni mtu mwingine kabisa.

Mdau aliyeko Yokohama: Nimefika hapo, niseme nilichokiona. Wingi wa watu si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba mgeni anashuka, anapiga picha, anapanda treni inayofuata. Nauli kaipata mwenye reli, chupa tupu kaachiwa mwenye nyumba.

Linganisheni na Oarai, mkoa wa Ibaraki. Mji wa baharini, ulipigwa na tsunami ya 2011. Mwaka uliofuata ikatoka anime ya Girls und Panzer, hadithi ya wasichana wa shule wanaoshindana kwa vifaru vya kivita (msiniulize, iangalieni wenyewe). Wenye maduka wakasimamisha mlangoni sanamu bapa za wahusika, kila duka na wake. Sasa shabiki hawezi kumwona mhusika wake bila kupita kwa muuza nyama au muuza samaki, na akipita hatoki mikono mitupu. Wapo waliorudi mara nyingi hadi wenye maduka wanawajua kwa sura. Hao huwezi kuwaita kero.

Mdau wa Nairobi: Oarai walifuatwa mapema na watayarishaji wakakubali. Kamakura nani aliwauliza? Kwangu kosa linaanzia kwa anayechora: ukitumia mtaa wa watu, bisha hodi kwanza.

Mdau aliyeko Yokohama: Washinomiya hawakuulizwa pia, ndugu yangu. Anime ya Lucky Star ilipotoka 2007, vijana wakaanza kumiminika kwenye hekalu la Shinto (dini ya jadi ya Wajapani) la mji huo, wakaning'iniza vibao vya dua vilivyochorwa wahusika. Wenyeji walishangaa. Lakini wafanyabiashara wa mji wakakaa chini, wakatengeneza vitu vya kuwauzia. Waliofika hekaluni siku za mwaka mpya walikuwa kama 130,000 mwaka 2007, kabla anime haijatoka. Mwaka 2008 wakafika 300,000. Mwaka huohuo wa 2008, kwenye sikukuu ya mji, mashabiki walibeba jeneza la miungu (kihekalu cha kubebwa mabegani) lenye picha za Lucky Star bega kwa bega na wenyeji.

Mdau wa Tanga: Jeneza tena! Sema machela.

Mdau wa Mombasa: Machela iwe. Lakini hekalu lina ua, limezoea umati tangu mababu. Kivuko kina nini? Weka maduka kumi pale, treni itapita palepale na watu watasimama palepale, kwa sababu picha wanayoitaka ni ya pembe ileile ya Sakuragi. Hata ukiwatengea kiwanja pembeni hawatakwenda. Hapo namuunga mkono mleta mada, ila faini si dawa: mgeni wa siku moja utamdai wapi? Bora mlinzi mwenye filimbi, na gharama yake itolewe na wanaovuna kwenye filamu.

Mleta mada: Hilo la gharama nalichukua. Mdau wa Yokohama, nikuulize kitu. Ulipofika pale, wewe ulisimama wapi?

Mdau aliyeko Yokohama: Katikati ya barabara. Sekunde kama ishirini hivi.