Wakuu, samaki mmoja anamaliza wenzake, nimpe dawa gani atulie?

Mpole_wa_Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la samaki sebuleni. Kuna mmoja mdogo, urefu wa kidole, njano na mistari myeusi, mzuri kupita kiasi. Nilimtoa Matema nilipokwenda msibani, nikaja naye kwenye ndoo. Sasa ananimalizia wenzake. Samaki wa dhahabu walikuwa saba, wamebaki wawili, na hao mapezi yameliwa, wamejibanza nyuma ya pampu. Usiku nasikia maji yanapigwa tu. Kuna dawa ya kumpoza?

Chumvi_na_Ndimu: Dawa ipo. Mafuta yachemke kwanza.

Mama_Nuru: Nilikuwa na jogoo wa namna hiyo, alimfukuza hadi msoma mita ya maji. Tulimla Idi. Mpaka leo nikikumbuka naona alikuwa analinda wenzake, sisi ndio hatukumwelewa.

Fundi_Pampu: Mkuu, tangi lita ngapi?

Mpole_wa_Mbagala: La kawaida tu.

Fundi_Pampu: Siku ya kwanza ulimimina ndoo ngapi za lita 20?

Mpole_wa_Mbagala: Tatu. Ila ya tatu haikuisha.

Fundi_Pampu: Basi hilo ni sufuria la kioo. Tupia picha.

Mpole_wa_Mbagala: Hiyo hapo.

Fundi_Pampu: Ni Melanochromis auratus, mmoja wa mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa. Dume akishika mwamba, anayepita ni adui. Anataka lita 200 kwenda juu, mawe yenye mapango, na majike watano au zaidi kwa dume mmoja ili kipigo kigawanyike. Halafu samaki wa dhahabu ni wa maji ya baridi, huyu anataka nyuzi 25 hivi. Unamlisha nini?

Mpole_wa_Mbagala: Nyama ya kusaga. Ashibe, aache fujo.

Fundi_Pampu: Mungu wangu. Huyo kwao anakwangua mwani kwenye mawe. Nyama itamvimbisha tumbo, afe.

Mpole_wa_Mbagala: Nimekuelewa, ila sebule yangu ndogo. Na nimeshatoa advansi elfu thelathini, naletewa wa kumnyoosha. Muuzaji anamwita shetani mwekundu, asili yake Nicaragua. Wiki moja tu, huyu atashika adabu.

Fundi_Pampu: Shetani mwekundu anafika sentimita 30 na ushee! Hapo atageukia wapi?

Njia_Nyembamba: Unamfungia kiumbe wa Mungu kwenye kioo ufurahishe wageni, halafu unashangaa ana hasira. Wewe ungefurahi?

Mtoto_wa_Kyela: Jamani, hii chai. Kaandika njano, picha ni samaki mweusi mwenye mistari ya bluu. Mleta mada anatuchezea.

Mpole_wa_Mbagala: Alikuwa njano nilipomleta! Kabadilika mwenyewe mwezi huu.

Fundi_Pampu: Hapo usimwonee. Wote huanza njano. Dume akishatawala hugeuka mweusi, mistari inabaki bluu ya mpauko. Chai ipo kwingine: huyu kwao ni kusini mwa ziwa, upande wa Malawi. Matema ni ncha ya kaskazini. Labda aliogelea ziwa zima kuja kukupa pole.

Mtoto_wa_Kyela: Si nilisema! Matema ni nyumbani, huyo sijawahi kumwona.

Mpole_wa_Mbagala: Sawa. Msiba ulikuwepo kweli. Samaki nilimnunua hapa hapa Dar, elfu arobaini. Mama watoto nilimwambia kanipa mjomba. Tusiyakuze.

Mama_Nuru: Elfu arobaini si majogoo wawili hao?

Fundi_Pampu: Kesho mrudishe dukani. Wale wawili watoe usiku huu huu, weka kwenye beseni.

Mpole_wa_Mbagala: Wameshaingia beseni, na wameanza kula. Dukani nitakwenda. Ila advansi ya yule mwekundu hairudi, muuzaji kagoma. Sasa nauliza tu: nikimchukua angali mdogo, ndoo tatu hazimtoshi hata miezi miwili?