Tupeane uzoefu: maswali ya makundi yanayoingiliana, wewe unaanzia wapi?

Kikokotoo
Wakuu, habari. Kila aliyekaa darasani amekutana na lile swali: watu wamehojiwa, wengine wanafanya hiki, wengine kile, wengine vyote, halafu unaulizwa wasiofanya chochote ni wangapi. Ukijumlisha unapata watu wengi kuliko waliohojiwa. Mimi naona ugumu wake hauko kwenye hesabu, uko kwenye kusoma. Nawawekea moja hapa ili tusiongee hewani:

Watu 120 walihojiwa. Wanaosikiliza redio ni 70, wanaotazama runinga 65, wanaosoma magazeti 50. Redio na runinga 35, redio na magazeti 25, runinga na magazeti 20. Vyote vitatu 12. Wangapi hawatumii chochote?

Semeni mnavyoanza, jibu peke yake silitaki.

Mwalimu wa Zamu
Naanza na mstatili, maana ndio unaowabeba wote 120. Wanafunzi wengi huuruka, wakifika kwenye "wasiotumia chochote" hawana pa kuwaweka. Ndani yake maduara matatu ya Venn, yaani yanayopandana, kila kundi na duara lake, na namba ya kwanza kuandika ni 12, pale yote matatu yanapokutana. Kisha natoka nje hatua kwa hatua. Wa redio na runinga ni 35, ila 12 kati yao nimeshawaandika, hivyo chumba chao, yaani kipande chao cha mchoro, kinabaki na 23. Redio na magazeti 13, runinga na magazeti 8.

Mwisho wa pembeni. Redio peke yake: 70 toa 23, toa 13, toa 12, wanabaki 22. Runinga peke yake 22, magazeti peke yake 17. Vyumba vyote saba vinaleta 117. Nje ya maduara wamebaki 3.

Sichori
Mchoro wa nini? 70 na 65 na 50 ni 185. Aliye kwenye makundi mawili amehesabiwa mara mbili, natoa 35 na 25 na 20, yaani 80. Nabaki na 105. Lakini wale 12 nimewahesabu mara tatu na kuwatoa mara tatu, wamefutika kabisa! Nawarudisha, 117. Imeisha.

Kikokotoo
Safi mkuu. Sasa niambie wanaotumia viwili tu ni wangapi.

Sichori
Haya, hapo nachora 😀 23 na 13 na 8, ni 44. Wakisema "angalau viwili" naongeza wale 12, inakuwa 56.

Msomaji Mkaidi
Hapo kwenye "tu" ndipo watu wanapoangukia. "Redio na runinga 35" inawajumuisha na wenye vyote vitatu. "Redio na runinga tu 35" haiwajumuishi, 35 inaingia chumbani kama ilivyo. Jaribuni kulisoma swali la mkuu kwa namna hiyo ya pili: 35, 25 na 12 ni 72, wakati wa redio wote ni 70. Redio peke yake wanakuwa hasi 2. Ukiona hasi ndani ya chumba, usiendelee kukokotoa, rudi ukasome sentensi upya.

Dodoso
Na kama umesoma sawasawa na hasi bado ipo, basi data ndiyo mbovu. Kazi yangu ni kupitia ripoti za utafiti. Niliwahi kuletewa iliyosema asilimia 80 wanatumia barua pepe, asilimia 70 wanatumia ujumbe mfupi, na asilimia 40 wanatumia vyote viwili. 80 na 70 toa 40 ni 110. Asilimia 110 ya watu gani? Kwa namba hizo, wa vyote viwili hawawezi kupungua 50 wala kuzidi 70. Nilimrudishia aliyeleta bila hata kufungua data ghafi.

Ngazi ya Nne
Makundi yakiwa manne mnafanyaje? Nimechora maduara manne, kila nikihesabu vyumba havitoshi.

Mwalimu wa Zamu
Havitatosha, ndugu. Makundi manne yanadai vyumba 16 ukihesabu na nje, na maduara manne hayavuki 14 hata uyapange vipi. John Venn mwenyewe, alipoandika kuhusu michoro hii mwaka 1880, kwa makundi manne alitumia duaradufu. Mimi sihangaiki nazo, natengeneza jedwali la mistari 16 ya ndiyo na hapana.

Mgeni wa Seti
Mimi kinachonitesa ni pale wanapokunyima namba ya katikati. Chukua swali hilihili, wakupe kwamba 3 hawatumii chochote, wakuulize wa vyote vitatu.

Msomaji Mkaidi
Weka x katikati, endelea vilevile. Redio na runinga bila magazeti ni 35 − x, hao wengine 25 − x na 20 − x. Redio peke yake inakuja 10 + x, na hapa wengi hushtuka kuona kujumlisha, wakafuta wakaandika kutoa. Iko sawa: 70 umetoa 35 na 25, na waliotolewa mara mbili wamerudi. Runinga peke yake 10 + x, magazeti 5 + x. Vyumba saba vyote ni 105 + x, na lazima viwe 117.

Mgeni wa Seti
12. Kumbe nilikuwa nakimbia ile 10 + x bure.