Kriminolojia na haki au saikolojia: nichukue ipi kama somo dogo?

Mwaka_wa_Pili: Wakuu, fomu inafungwa Ijumaa na bado nimekwama. Kriminolojia na haki, au saikolojia? Ipi ina faida zaidi?

Kalamu_Kavu: Faida kwa nani, mkuu? Somo kuu hujataja, kazi unayoitaka hujasema. Tukushauri vipi?

Bi_Shungi: Mimi nasema kriminolojia. Tulianza na Beccaria, mwanafikra wa Italia aliyeandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mhalifu si ukali wa adhabu bali uhakika kwamba ataipata. Tangu hapo nikisikia watu wanadai vifungo virefu, nauliza: kwani wanakamatwa wangapi?

Hesabu_Kwanza: Achana na yote mawili, soma takwimu. Makosa mengi hayafiki polisi. Ndiyo maana Marekani tangu miaka ya 1970 wanawauliza raia wenyewe, nyumba kwa nyumba, wametendewa nini.

Mwaka_wa_Pili: Samahani. Somo kuu ni sosholojia. Natamani kufanya kazi na vijana waliotoka kifungoni.

Kalamu_Kavu: Sosholojia! Basi soma mihtasari ya kozi kwanza. Mimi niliunganisha sosholojia na kriminolojia nikajuta. Mwanasosholojia Merton na nadharia yake ya 1938, ya mtu anayeoneshwa malengo huku njia zimezibwa, nilishaiandikia insha. Nikaikuta tena kwenye kriminolojia, swali lilelile. Mwenzake Becker na hoja ya mtu kubandikwa jina la mhalifu, vilevile. Nikaenda idarani, nikaweka mihtasari miwili sambamba mezani: mada sita kati ya kumi zinafanana. Nikajibiwa muda wa kubadilisha umepita, na krediti hazihesabiwi mara mbili. Nililipa muhula mzima wa ziada.

Bi_Shungi: Pole sana kaka, ila hilo ni kosa la chuo chako. Sisi tulipelekwa kukaa mahakamani kutwa. Kijana alisomewa shtaka, akawa anaitikia "ndiyo" kila hakimu anaponyamaza, kidole gumba kikisugua ukingo wa kizimba. Hakuwa ameelewa hata neno. Saikolojia ingenionesha hofu yake. Lakini nani alipaswa kumweleza, hilo isingenionesha.

Jongoo: Hivi ukisoma hiyo kriminolojia unaweza kuajiriwa maabara, kupima damu na alama za vidole?

Hesabu_Kwanza: Damu inataka kemia na biolojia. Usichanganye.

Jongoo: Alama za vidole je?

Mwaka_wa_Pili: Kesho asubuhi nafuata mihtasari. Dada Shungi, siku ya mahakamani ilikuwa kwenye kozi gani?

Bi_Shungi: Mwenendo wa mashauri ya jinai. Ila kwetu ilikuwa ya hiari, ulizia kama kwenu ipo.