Ushauri: cheti cha usalama cha pampu za petroli kwa sheli mpya, Chake Chake

KijanaWaVitongoji
Asalaam aleikum wanajamvi. Mimi na ndugu zangu tunajenga sheli ndogo nje kidogo ya Chake, njia ya kwendea Wete. Matangi yameshazikwa, paa limesimama, sasa tumefika kwenye pampu na umeme. Kuna muuzaji Dar ana pampu mbili zilizotumika, pamoja na mota ya kuzama tangini anayosema imesukwa upya na haina tofauti na mpya. Tulipomuuliza cheti cha kutumika penye mvuke wa petroli, akatutumia karatasi yenye alama ya CE, akasema hiyo yatosha dunia nzima.

Na kuna kampuni nyingine imetuandikia kwamba tukiwatumia picha za vifaa vyote na dola 800, watatuletea "cheti cha usalama cha kituo kizima" kwa barua pepe. Kaka yangu aliyeko Muscat anataka tulipe tumalize. Mimi roho inasita. Nyumba za watu ziko karibu na skuli iko ng'ambo ya barabara. Naombeni mnielekeze.

FundiMtoni
Waaleikum salaam. Yakhe, usilipe hata senti. Cheti cha Ex, yaani cha kifaa kinachofaa kutumika penye gesi inayoweza kulipuka, hakitoki kwenye picha. Maabara hupewa kifaa chenyewe, hujaza gesi ndani ya sanduku lake na kuilipua makusudi, ionekane kama moto utatoka nje. Hupima joto la juu kabisa la kifaa, hukagua michoro, na kiwanda nacho hukaguliwa mara kwa mara. Anayekiomba cheti ni mtengenezaji, kwa modeli yake. Wewe mwenye sheli kazi yako ni kukihakiki.

Mwambie muuzaji akupigie picha ya kibati cha kila kifaa, kwa karibu, kisomeke. Unatafuta maandishi ya namna hii: Ex db IIA T3 Gb. Herufi db ni sanduku la kuzuia mlipuko usitoke. IIA ni kundi la gesi ambamo petroli imo. T3 maana yake joto la uso wake halizidi nyuzi 200, na mvuke wa petroli huwaka wenyewe kwenye kama 280 hivi. Gb ni kiwango cha zoni 1, pahala ambapo mvuke hutarajiwa kuwapo mara kwa mara katika kazi ya kawaida. Ndani ya tangi juu ya mafuta ni zoni 0, huko kinatakiwa Ga. Ukikuta IIB au T4 ni bora zaidi, haina neno.

Halafu namba ya cheti. Ikianza na IECEx, mfumo wa kimataifa wa vyeti vya Ex, ingia kwenye tovuti yao uitafute, ni bure na cheti kiko wazi kwa kila mtu. Ikiwa ni ATEX, mfumo wa Ulaya wa vifaa hivi, iandikie maabara iliyotajwa uwaulize. Namba ikiishia na herufi X, soma masharti yake yote, kuna jambo maalumu unalotakiwa ufanye wakati wa kufunga. Hiyo CE peke yake ni kauli ya mtengenezaji kwa soko la Ulaya, hata kibaniko cha mkate kinayo.

Mkwasi_wa_Konde
Mnamtisha kijana bure. Sheli ngapi zinaendeshwa kwa vifaa vya mtumba na watu wanauza mafuta miaka na miaka?

FundiMtoni
Mkuu, sijakataa mtumba. Pampu iliyotumika yenye kibati chake, cheti kinachoonekana na bolti zake zote, inaweza kufaa ikikaguliwa na mtu anayejua. Ninayoikataa ni hiyo mota.

Sanduku la db halizibi hewa. Mvuke huingia, na ukiwaka ndani, moto hupita kwenye upenyo mwembamba baina ya nyuso mbili za chuma, ukapoa kabla haujafika nje. Usalama wote umo kwenye upenyo ule. Fundi akipiga msasa uso ule, akipaka rangi, au akarudisha bolti tatu badala ya nne, umeshapotea, na kwa nje hutaona kitu. Mota ikisukwa kwa waya wa kipimo kingine, joto lake nalo hubadilika na ile T3 inakuwa maandishi matupu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60079-19 kipo kwa ajili ya matengenezo haya tu. Kama karakana iliyoisuka haiwezi kuonyesha kumbukumbu za kazi kwa kiwango hicho, iacheni huko huko Dar.

UmmuSaid
Mie nimesimamia sheli Unguja. Mwanangu, wengi huangalia pampu wakasahau njia za nyaya. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka, ukajikusanya kwenye mashimo ya matangi, ukatambaa ndani ya bomba la waya mpaka chumba cha keshia kwenye swichi za kawaida. Kila bomba linalotoka kwenye pampu lizibwe kwa kizibo chake maalumu. Na glendi, vile vishikizo vya waya unapoingia kwenye sanduku, ziwe za Ex pia. Glendi ya plastiki ya dukani kwenye sanduku la db hulifanya sanduku lile kuwa sawa na kopo.

KijanaWaVitongoji
Mungu awalipe. Mota tumeikataa, na kaka nimemtumia uzi huu, amekubali tusilipe zile 800. Pampu tunasubiri picha za vibati. Je, na taa za chini ya paa ziwe za Ex?

FundiMtoni
Mara nyingi si lazima, kwa sababu ziko juu na mvuke hushuka. Anayeamua ni mchoro wa zoni, nao huchorwa na mhandisi kwa kufuata IEC 60079-10-1: pampu, mashimo, mabomba ya kupumulia matangi. Hapo ndipo pesa yenu ipelekeni. Mkishaupata, uonyesheni ZURA, wasimamizi wa huduma za nishati na maji Zanzibar, na Zimamoto mapema, na waulizeni ZBS, taasisi ya viwango Zanzibar, wanataka karatasi gani kwa vifaa vinavyoingia. Fanyeni hayo kabla hamjamwaga zege juu ya njia za nyaya.