Plagini ya QML imegoma: inasema "Ushirika.Mizani" is not installed

kahawa_na_kodi (Moshi)

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana nimekwama siku ya tatu sasa. Natengeneza programu ya kupimia kahawa kwa AMCOS moja (chama cha ushirika cha wakulima) huku juu Kibosho, mizani ya digitali imeungwa kwa waya wa serial kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) na kuna skrini ya inchi 7 imegeuziwa upande wa mkulima, yaani akishaweka kahawa yake mbivu azione kilo zake kwa macho kabla karani hajaandika chochote. Hilo ndo nalitaka kuliko yote, aone mwenyewe.

Nimeandika klasi ya C++ inaitwa Mizani, ina propati (thamani inayosomeka kutoka nje) `uzito`, nataka niiandike ndani ya QML, lugha ya Qt ya kuchorea skrini, kama ninavyoandika Rectangle au Text. Skrini ziko mbili, ya mkulima na ya karani, kila moja na programu yake, ndo maana nikaamua iwe plagini, kipande cha pembeni ambacho programu zote mbili zinakipakia, nisirudie kodi ileile mara mbili. Qt ni 5.15, natumia qmake. Plagini inakompaili vizuri tu ila nikiwasha programu inasema module "Ushirika.Mizani" is not installed, wakati folda ipo, .so (faili la plagini lililokompailiwa) ipo, qmldir (faili linaloeleza moduli) ipo na ndani yake nimeandika:

```
module Ushirika.Mizani
plugin libmizaniplugin.so
```

Kwenye main.cpp nimeweka `engine.addImportPath("/home/pi/moduli/Ushirika/Mizani")`. Nimekosea wapi?

fundi_ngarenaro (Arusha)

Pole sana kaka. Hiyo erori haisemi plagini yako ni mbovu, injini ya QML haijaifikia hata kidogo. Jina la moduli ndo njia ya folda, kila nukta ni kuingia folda moja ndani, kwa hiyo ukisema Ushirika.Mizani injini inachukua kila njia uliyoipa halafu inabandika Ushirika/Mizani mwishoni. Wewe umeshaipeleka mpaka ndani ya Mizani, sasa inaenda kutafuta /home/pi/moduli/Ushirika/Mizani/Ushirika/Mizani, folda ambayo haipo. Ipe `/home/pi/moduli` basi, na hakikisha hiyo addImportPath inaitwa kabla ya load. Ukitaka kuona inapopita, washa programu na `QML_IMPORT_TRACE=1` mbele, itakuandikia kwenye tamino (terminal) kila folda iliyochungulia.

Ukivuka hapo utagongana na erori ya pili, plagini haionekani. Kwenye qmldir weka jina tupu, `plugin mizaniplugin`. Ile lib ya mbele na .so ya nyuma Qt inaziweka yenyewe kulingana na mfumo, kwenye Windows itatafuta mizaniplugin.dll, ndo maana qmldir moja inafaa kotekote.

binti_wa_meru

Umekompailia wapi, kwenye Pi yenyewe au laptopu? Uliza `file libmizaniplugin.so`, ikisema x86-64 (aina ya prosesa ya laptopu nyingi) usiendelee kuhangaika na folda, Pi ina prosesa ya ARM haiwezi kuipakia. Mimi iliniponza hiyo wiki nzima.

Na kwa wengine watakaosoma hapa, programu ikiwa moja tu sioni haja ya plagini, `qmlRegisterType` ndani ya main.cpp inamaliza kazi na hayo mambo ya njia hayakuhusu. Kwa kaka hapo juu mwenye programu mbili plagini ni sahihi kabisa.

kahawa_na_kodi (Moshi)

Aisee asanteni sana, imefunguka! Nimekompaili hapahapa kwenye Pi, ilikuwa ni njia na lile jina. Sasa limekuja lingine, skrini imeganda kwenye 0.0 wakati kwenye tamino qDebug (amri ya kuchapisha ninachokifuatilia) inatoa 18.4, 18.6, 18.6. Nimeandika `Q_PROPERTY(double uzito READ uzito)`. Halafu propati ya `bandari` (port ya waya wa serial) naiandika kwenye QML "/dev/ttyUSB0" lakini nikiisoma kwenye konstrakta, ile funksheni inayoumba Mizani, iko tupu.

fundi_ngarenaro (Arusha)

Soma tamino vizuri, lazima kuna onyo linasema depends on non-NOTIFYable properties. Ukiandika `text: mizani.uzito` QML inasoma mara moja tu, halafu inasubiri iambiwe kimebadilika, haizunguki kuuliza kila saa. Wewe hujaipa wa kuiambia. Andika hivi:

```
Q_PROPERTY(double uzito READ uzito NOTIFY uzitoUmebadilika)
```

na kule unakosoma serial, namba mpya ikiwa tofauti na ya zamani, ibadilishe kwanza ndo useme `emit uzitoUmebadilika();`. Ukiemit kabla ya kubadilisha, QML itakuja kusoma ileile ya zamani na mkulima ataona kilo za mwenzake aliyetoka, hapo pana ugomvi wa kweli.

Bandari ni tupu kwa sababu kitu kinaumbwa kwanza, propati zinajazwa baadaye. Usifungue waya kwenye konstrakta. Rithi `QQmlParserStatus` pamoja na QObject, weka `Q_INTERFACES(QQmlParserStatus)`, `classBegin` iache wazi, na serial uifungulie ndani ya `componentComplete`, hapo kila kilichoandikwa kwenye QML kimeshafika.

Kingine, usisome nusu mstari. Serial inaleta vipande, 18.6 inaweza kuja "18" halafu ".6" baadaye kidogo. Kwenye readyRead, ishara kwamba data imefika, zungusha `while (canReadLine())`.

kahawa_na_kodi (Moshi)

Nimepanda nayo leo asubuhi. Mama mmoja kaweka ndoo yake, namba ikapanda ikatulia 14.2, akainua ndoo ikarudi sifuri, akaiweka tena akaangalia, 14.2. Karani kwenye skrini yake naye 14.2. Hakuna aliyeuliza kitu. Mungu awabariki wote wawili.

Swali la mwisho, nikihamia Qt 6 naandika upya?

binti_wa_meru

Hapana, klasi inabaki. Kuanzia 6.2 kuna `qt_add_qml_module` ya CMake, unaipa URI (jina la moduli) na mafaili, qmldir na klasi ya plagini inatengeneza yenyewe, wewe kwenye Mizani unaongeza `QML_ELEMENT` chini ya Q_OBJECT unatoa qmlRegisterType. Ila msimu ukiwa umeanza usiguse, subiri kahawa iishe.