Naomba ushauri: niliacha dawa ya wasiwasi siku ya sita

Mleta mada:
Ndugu zangu, salamu. Kwa takribani miezi minane nimeishi na wasiwasi usioisha: usingizi hauji, shingo inakaza, na mara mbili moyo ulinienda mbio hadi nikaamini kwamba ninakufa, ingawa kipimo cha moyo hakikuonyesha tatizo lolote. Daktari aliniandikia sertralini, nikaiacha siku ya sita kwa kuwa wasiwasi ulizidi badala ya kupungua. Jamaa yangu alinipa vidonge vyake vya diazepamu, na kimoja tu kilinituliza ndani ya saa moja. Kwa nini nisiendelee na hivyo? Na hiyo tiba ya mazungumzo, inamfaa kweli mtu ambaye mwili wenyewe ndio unaotetemeka?

Tumaini77:
Pole sana, ndugu. Mimi ni mfamasia, na yaliyokupata ni ya kawaida kuliko wagonjwa wanavyoelezwa dirishani. Sertralini huhitaji wiki kadhaa, mara nyingi mbili hadi sita, kabla nafuu haijaonekana, na katika siku za mwanzo inaweza kuchochea huohuo wasiwasi, pamoja na kichefuchefu. Ndiyo maana mara nyingi huanzishwa kwa dozi ndogo, kama miligramu 25, kisha ikapandishwa. Diazepamu hutuliza upesi, na mtego wake uko hapohapo: mwili huizoea ndani ya wiki chache, dozi ya jana haitoshi leo, na aliyeitumia kwa muda mrefu akiikatisha ghafla anaweza kupata degedege. Usiichanganye kamwe na pombe. Rudi kwa daktari wako umweleze yote, hata hicho kidonge cha kuazima, na umuulize kama tezi ya thairoidi imepimwa, kwa maana ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta mapigo ya haraka na mtetemeko.

Mtembezi:
Mimi nilipunguza kahawa na kuanza kukimbia asubuhi, yakaisha. Watu wanakimbilia vidonge mapema mno.

Mama Zawadi:
Ndugu Mtembezi, hayo yanasaidia, lakini mtu asiyelala kwa miezi minane hatuwezi kumwachia raba za kukimbilia peke yake.

Mleta mada, nami mwili wangu ulitetemeka. Nilidhani mwanasaikolojia angenitaka nisimulie utoto wangu. Badala yake alinipandisha ngazi mara kadhaa hadi moyo ukadunda, kisha tukakaa tukiusikiliza ukitulia wenyewe, bila mimi kukimbia wala kushika ukuta. Nilikuwa nimezoea kutoroka kila foleni, na kila nilipotoroka hofu ya foleni ilikua. Kwa hiyo tulianza na foleni fupi, tukaenda kwenye ndefu, na kila wiki nilikuwa na zoezi la nyumbani ambalo, nakiri, mara nyingine nililikwepa. Vilikuwa vikao 12. Sikutumia dawa, ila ninawafahamu waliotumia vyote viwili, na dawa ndiyo iliyowapa utulivu wa kuweza kufanya mazoezi yenyewe.

Mleta mada:
Asanteni. Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu zile siku za mwanzo. Ningejua, ningempigia daktari kabla ya kuiacha. Nimepata miadi Jumanne, na vidonge vya jamaa yangu nimemrudishia. Mama Zawadi, ulipopandishwa ngazi mara ya kwanza, ulitulia baada ya muda gani?

Mama Zawadi:
Kama dakika kumi, ndugu yangu. Mimi niliziona saa mbili.